Unapanda Mlima Kenya? Panga Pesa Kabla ya Kupanda

Kule Point Lenana, mita 4,985, simu si ya kutegemea: baridi inamaliza chaji haraka, na mtandao unakuja ukipotea. Ndiyo maana tunakushauri umalize mambo ya pesa ukiwa bado Nanyuki.

Lipa ada ya KWS kupitia eCitizen. Kubaliana bei na mwelekezi na wapagazi, kisha utunze ujumbe wa malipo.

Muhimu zaidi, usimalize salio. Kichwa kikiuma sana na ukaanza kutapika, dawa ni kushuka mara moja, na gari la kukutoa lango la Sirimon litataka kulipwa siku hiyo hiyo.

Usiku, zima simu ulale nayo ndani ya mfuko wa kulalia. Na hata vidole vikiganda, usimpe mtu PIN akubonyezee.