GARI LA UMEME KATIKA NYUMBA YA KUPANGA

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Bila shaka umewahi kusimama pale kwenye raundabauti ya Kariobangi ukaona pikipiki ikipita kimya kimya, haina moshi wala ule mlio wa kutoboa masikio, ukageuza shingo kuitazama. Hiyo ni ya stima. Magari ya stima nayo yameanza kuonekana mtaani, moja hapa, jingine pale. Watu wakiyaona huuliza mambo mawili: yanauzwa pesa ngapi, na yanaenda kilomita ngapi kabla hayajazima. Maswali mazuri hayo. Lakini liko swali la tatu ambalo sijasikia likiulizwa sana, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Je, gari hilo likirudi nyumbani usiku litachajiwa wapi, na kwa stima ya nani?

Mtu mwenye nyumba yake kule Karen au Runda, aliye na ua na gereji na mita yake, hana shida kubwa. Ataita fundi, chaja itafungwa ukutani, basi. Hapa kwetu mambo ni tofauti. Wengi wetu tumepanga. Gari hulala chini uwanjani, mwenyewe hulala orofa ya nne, nyaya ni za mwenye ploti, na majirani ni kumi na wanane. Mwenye gari la petroli hahitaji ruhusa ya mwenye ploti ili ajaze tangi. Mwenye gari la stima anaihitaji, na safari yake huanzia hapo.

Nayajua haya kwa sababu ya mjomba wangu, ambaye huendesha teksi hizi za kuitwa kwa simu na anaishi Kariobangi South. Mwaka jana alichukua mkopo katika chama chake cha akiba na mikopo akanunua Nissan Leaf ya mtumba kutoka Japani. Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi miaka minane, alipata la kizazi cha pili, lenye betri ya kilowati-saa 40. Teksi za umeme si jambo geni kabisa jijini. Kampuni ya NopeaRide ilianza kuziendesha mwaka wa 2018, ikafunga kazi mwishoni mwa 2022. Lakini kampuni ile ilikuwa na vituo vyake vya kuchajia. Mjomba hana kituo. Ana nyumba ya vyumba viwili na mkopo wa kulipa kila mwezi.

Tufanye hesabu kidogo, wala usiruke aya hii. Yuniti moja ya stima ni kilowati-saa moja. Tuchukulie kwamba gari lake linaenda kilomita 6 kwa yuniti, na kwamba kwa siku anazunguka kilomita 120. Atahitaji yuniti 20. Tukiweka yuniti moja kuwa shilingi 30, pamoja na ada na kodi zote, hiyo ni shilingi 600. Gari la petroli linaloenda kilomita 12 kwa lita lingetumia lita 10, na mwishoni mwa mwaka wa 2025 lita moja hapa Nairobi iliuzwa shilingi 184 na senti kadhaa. Yaani zaidi ya shilingi 1,840. Tofauti ya shilingi 1,200 na ushee kila siku ndiyo inayolipa mkopo. Lakini tofauti hiyo hupatikana tu gari likichajiwa usiku nyumbani. Ukienda kwenye chaja za haraka za biashara unatozwa zaidi, na tena unakaa kungoja saa ambazo wateja wanakuita.

Sasa, mtu akishalifikisha gari nyumbani, wazo la kwanza linalomjia ni ekstensheni. Aiteremshe kutoka dirishani hadi uwanjani, achomeke, apande kulala. Kwa hakika hapa ndipo penye hatari. Gari la mjomba lilikuja na waya wake wa kuchajia. Nyumba za Japani hutumia volti 100, na za magari huwekewa volti 200, kwa hivyo waya ule ulitengenezewa volti 200 na mkondo wa hadi ampea 15. Plagi yake ni ya kwao, haiingii katika soketi zetu. Mafundi wengi wa kando ya barabara huikata wakafunga plagi yetu ya pini tatu, ambayo fyuzi yake ni ya ampea 13. Utadhani fyuzi itakatika mara moja na kutulinda. Haikatiki! Fyuzi ya 13 ikipitishiwa ampea 15 hustahimili kwa muda mrefu, huku plagi ikipata joto pole pole hadi plastiki inalainika na kunuka.

Wenzangu wa Kidato cha Tatu wanaikumbuka mada ya joto litokanalo na mkondo wa umeme. Joto hutegemea mkondo mara mkondo mara ukinzani. Mkondo ukiongezeka maradufu, joto huwa mara nne. Chukua kiungo kimoja tu cha waya kilicholegea, chenye ukinzani wa nusu omu, ukipitishie ampea 10. Kumi mara kumi mara nusu ni wati 50. Hiyo ni nguvu ya chuma cha kulehemu anachotumia fundi wa redio! Ni kana kwamba umewasha chuma cha kulehemu ukakificha ndani ya ukuta. Pasi ya nguo pia huvuta umeme mwingi, naam, lakini pasi unaitumia dakika ishirini ukaizima. Gari huvuta usiku kucha, watu wote wakiwa wamelala.

Mjomba alishauriwa amtafute fundi mwenye leseni ya EPRA, ile mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli. Fundi mwenye leseni ndiye anayeweza kukuandikia cheti cha kazi aliyoifanya, na bila cheti hicho ombi la mita mpya haliendi mbali. Nilikuwepo siku aliyokuja, na nilishangaa kwamba hakuligusa gari kabisa. Alianza kwenye mita. Akautazama waya mkubwa unaoingia katika ploti, akafungua sanduku la swichi, akauliza ni nyumba ngapi zina shawa ya stima, kisha akazunguka nyuma ya jengo kutafuta athi.

Athi ni waya unaounganisha jengo na ardhi kupitia fimbo ya shaba iliyochimbiwa chini. Fimbo ilikuwepo. Waya haukuwepo, umekatwa. Sisi wa Kariobangi tunajua shaba huenda wapi. Mnamo Januari 2022 serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma vikuukuu kwa sababu ya uharibifu wa mitambo ya stima na miundombinu mingine, ikairuhusu tena Mei mwaka huo huo. Waya wetu sijui uliondoka kabla au baada. Nyumba kumi na tisa zilikuwa zikiishi bila athi na hakuna aliyejua, kwa maana taa huwaka vizuri tu pasipo athi.

Kwa nini athi ni jambo kubwa hivyo kwa gari? Gari limesimama juu ya mipira. Umeme ukivuja ukaingia kwenye bodi, hauna njia ya kwenda ardhini, unakaa pale ukingoja. Mtoto akija peku juu ya saruji iliyolowa, akashika mlango, yeye ndiye anakuwa njia. Kukiwa na athi, umeme huo unashuka ardhini na swichi inakata. Fundi aliongeza pia kifaa ambacho wao hukiita RCD, cha aina iliyotengenezewa magari, ambacho hukata stima kikihisi uvujaji wa miliampea 30 tu. Linganisha na ampea 15 zinazokwenda kwenye betri: uvujaji huo ni sehemu moja kwa mia tano.

Hapo sasa mjomba akataja chaja aliyoitaka, ya kilowati 7, ambayo aliiona kwenye video. Fundi akacheka. Kilowati 7 ni ampea kama 30 hivi. "Bosi," akasema, "hiyo ni kama shawa ya moto, na zaidi, iwashwe saa tatu bila kuzimwa. Na saa moja jioni wapangaji wote wanaoga na kupika." Akamuuliza anahitaji yuniti ngapi kwa usiku. Ishirini. Kwa kilowati 3, ishirini hupatikana kwa saa saba hivi, yaani kutoka saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, wakati ploti imetulia. Betri ya 40 iliyokauka kabisa ingechukua karibu saa kumi na nne, lakini betri haikauki kila siku. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo ambalo wanunuzi wengi hawalipimi: wanauliza chaja yenye nguvu kuliko zote badala ya kuuliza gari litalala saa ngapi.

Wakaafikiana juu ya soketi moja ya buluu, ile ya duara ya viwandani ya ampea 16, iliyo na kifuniko cha kuzuia mvua. Waya wake ni wa peke yake kutoka kwenye sanduku hadi uwanjani, hauchangii na soketi nyingine yoyote, na ni mnene, milimita mraba 6, ilhali soketi za nyumbani huwa na 2.5. Umepitishwa ndani ya bomba, juu, mahali ambapo mpira wa watoto haufiki.

Kazi ya fundi ilichukua siku mbili. Kazi ya kuelewana na watu ilichukua wiki tano.

Mwenye ploti ni mama mtu mzima, na hofu zake zilikuwa mbili, nyumba isiungue na bili isimwangukie. Ya kwanza ilikwisha fundi alipomwonyesha athi iliyokatwa. Yeye mwenyewe akagharamia mpya. Ya pili ilikuwa ngumu. Ploti ile ina mita moja kubwa, na kila nyumba ina mita ndogo ya kujipimia. Kwa bei zilizoidhinishwa mwaka wa 2023, kabla ya ada na kodi, mteja wa nyumbani asiyezidi yuniti 30 kwa mwezi alilipa shilingi 12.22 kwa yuniti, wa 31 hadi 100 shilingi 16.30, na anayezidi hapo shilingi 20.97. Mita ikiwa ya pamoja, wote huhesabiwa kama mtu mmajo mkubwa. Majirani wakaona kwamba yuniti 500 za gari kwa mwezi ni mzigo wao. Mama mmoja wa orofa ya tatu alisema wazi mbele ya keateka, "Baba, sisi hatuna gari. Tokeni zikiisha usiku, mtoto wangu atasoma na nini?" Mjomba hakuwa na jibu la haraka, na kusema kweli swali lilikuwa la haki.

Mwaka huo huo wa 2023 iliwekwa bei maalumu ya kuchaji vyombo vya umeme: shilingi 16 kwa yuniti, na shilingi 8 kwa saa za usiku, yaani saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi siku za kazi, kabla ya kodi. Lakini ni kwa mita ya peke yake. Mwombaji hupeleka Kenya Power kitambulisho, PIN ya KRA na cheti cha fundi, na kama ni mpangaji, idhini ya mwenye ploti. Mama alikubali kutia sahihi. Mita hiyo ikiisha kufungwa, mzigo wa majirani utakwisha. Kwa sasa soketi ina mita ndogo, keateka huisoma kila Jumamosi, na mjomba hulipa tokeni mapema, kabla hajachaji. Yote yameandikwa: saa za kuchaji, nani analipa, na kwamba akihama soketi inabaki ila waya wa gari ni wake.

Ukiyatazama haya utaelewa kwa nini bodaboda walitangulia. Kampuni kama Ampersand na Spiro humpa dereva betri iliyojaa na kuchukua iliyokwisha, dakika chache, akaenda zake. Wengine hudhani sababu ni haraka tu. Mimi naona pia kwamba mwendesha boda wa chumba kimoja hahitaji kumbembeleza mwenye ploti wala kusoma mita na keateka. Betri ya gari la mjomba, yenye uzito wa kilo mia kadhaa, haibadilishwi hivyo.

Gazeti hili likienda mitamboni, jambo jipya limezuka. Jirani wa orofa ya pili naye ameagiza gari la aina ile ile. Fundi amesema waya mkubwa wa ploti hautabeba magari mawili kwa pamoja mpaka uongezwe, na hilo ni ombi jingine na gharama nyingine. Mama amependekeza zamu, mmoja kuanzia saa nne hadi saa nane usiku, mwingine saa nane hadi saa kumi na mbili. Nimewapigia hesabu: saa nne kwa kilowati 3 ni yuniti 12, na yuniti 12 ni kilomita 72. Hazimtoshi mjomba, wala hazitamtosha jirani, ambaye naye anataka kufanya teksi. Mkutano umewekwa Jumapili, na nimeambiwa niende na ile karatasi ya hesabu.