Je, Wajua? Moshi ya Kwanza Iko Juu ya Kiboriloni

Wengi wanaijua Kiboriloni kwa mitumba. Ukitoka Moshi mjini kuelekea Himo, hufiki mbali kabla ya kuliona soko: makoti yametundikwa, viatu vimepangwa chini kwa jozi, mfanyabiashara anafungua belo huku wateja wamemzunguka kila mmoja akitaka kuwa wa kwanza kuchagua, na pembeni akina mama walioshuka na ndizi mshare kutoka mlimani wanapatana bei. Wanunuzi wanajaza mifuko, wanapanda daladala, wanarudi mjini. Ni wachache wanaogeuka kuitazama barabara inayopanda kutoka hapo kwenda Old Moshi. Kwa maoni yangu, Kilimanjaro nzima haina barabara yenye historia nzito kuliko hiyo, na anayetaka kuujua mji wa Moshi aanzie hapo.

Je, wajua kwamba mji wa Moshi ulihama?

Moshi iliyoandikwa na wasafiri wa karne ya 19 haikuwa bondeni. Ilikuwa himaya ya mlimani, yenye vihamba vya migomba vilivyonyweshwa kwa mifongo, yaani mifereji, na makao ya mtawala wake, Mangi Rindi, ambaye wageni walimwita pia Mandara. Mmisionari Mwingereza Charles New alifika kwake mwaka 1871. Harry Johnston, aliyekuja kukusanya mimea na wanyama lakini akiwa na jicho pia kwenye ardhi, alikaa kwake mwaka 1884. Mwaka uliofuata wamisionari wa Kianglikana wakafungua kituo chao hukohuko. Wajerumani nao walipokuja walijenga boma lao juu, kwa kuwa mtawala alikuwa juu.

Kilichouteremsha mji ni reli. Ujenzi wake ulianza Tanga mwaka 1893, ukasogea polepole kupitia Korogwe, Mombo na Buiko, na mwaka 1911 reli ikafika chini ya mlima. Treni haikuweza kupanda ule mteremko, hivyo utawala na biashara vikaifuata bondeni. Wajerumani wakaita mji huo Neu-Moschi. Waingereza walipochukua nchi, makao ya kale yakabaki na jina la Old Moshi, na ndilo ambalo hata bibi asiyejua Kiingereza analitumia leo anapomwambia kondakta wa daladala anakokwenda.

Je, wajua kwamba mangi wa Moshi aliwatuma wajumbe Berlin?

Rindi hakungoja wageni wamwamulie mambo. Kila aliyefika kwake, awe mfanyabiashara wa pembe kutoka pwani, mmisionari au ofisa wa dola, alimpima kwa swali moja: atanisaidiaje dhidi ya wapinzani wangu? Mpinzani mkubwa alikuwa Mangi Sina wa Kibosho, jirani wa magharibi mwenye jeshi kali na ngome ya mawe. Rindi aliwatuma watu wake Berlin hadi kwa Kaiser, mtawala wa Ujerumani, wakiwa na pembe ya ndovu, wakarudi na zawadi. Mwaka 1891 Wajerumani walimshambulia Sina na kumshinda, wapiganaji wa Rindi wakiwa upande wao. Rindi mwenyewe alifariki mwaka huohuo. Wapandaji wanaolala kituo cha Mandara kwenye njia ya Marangu, na wanaopita mtaa wa Rindi katikati ya Moshi, wanalitaja jina lake, wengi wao bila kujua lilikuwa la nani.

Je, wajua kwamba Wajerumani walishindwa vita Old Moshi?

Hili ndilo ninalotaka kila mwanafunzi wa Kilimanjaro alijue. Rindi alirithiwa na mwanawe Meli, kijana ambaye hakuona sababu ya kuwanyenyekea wageni. Tarehe 10 Juni 1892, kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na von Bülow kilipanda kwenda kumwadhibu. Wapiganaji wa Meli walikisubiri migombani. Von Bülow aliuawa, kikosi chake kikavunjika, na kwa muda Wajerumani wakaiacha Moshi. Wamisionari Waingereza, walioshukiwa kumwunga mkono Meli, walilazimika kuhamia Taveta.

Agosti 1893 Wajerumani walirudi wakiongozwa na von Schele, na jeshi kubwa lenye mizinga. Safari hiyo Meli alishindwa.

Lakini ushindi wa 1892 unastahili kukumbukwa. Huko Roma, uwanja ulio mbele ya stesheni kuu ya Termini unaitwa Piazza dei Cinquecento. Unawakumbuka askari wa Italia wapatao 500 waliouawa na jeshi la Ras Alula huko Dogali, Eritrea, mwaka 1887, miaka mitano kabla ya vita vya Old Moshi. Watalii kutoka kila pembe ya dunia hupita pale wakienda kuona magofu ya Warumi. Waitaliano walishindwa Dogali, lakini wameipa kumbukumbu ya watu wao uwanja mbele ya lango la mji wao mkuu. Sisi tulioshinda juu ya Kiboriloni tuna deni kubwa zaidi la kukumbuka.

Je, wajua kilichotokea tarehe 2 Machi 1900?

Miaka saba baada ya kushindwa, Meli alituhumiwa kula njama ya kuwapindua Wajerumani pamoja na watawala wengine. Fitina baina ya wamangi wenyewe ilichangia. Marealle wa Marangu ndiye anayetajwa zaidi katika masimulizi. Ofisa wa kituo cha Wajerumani, Kapteni Johannes, aliamuru hukumu ya kifo. Siku hiyo ya Ijumaa watu 19 walinyongwa mtini Tsudunyi, Old Moshi: Mangi Meli, Mangi Ngalami wa Siha, Mangi Molelia wa Kibosho na wenzao. Masimulizi yaliyohifadhiwa na ukoo wake yanasema Meli alichukua saa nyingi kukata roho.

Kisha likafuata jambo ambalo familia yake haijalisamehe. Wanaamini kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Zama zile wataalamu wa Ulaya walikuwa wakikusanya mafuvu ya watu wa makoloni kwa ajili ya kile walichokiita utafiti wa rangi za binadamu, na makusanyo ya Berlin yalijaa mifupa kutoka Afrika Mashariki. Mjukuu wa Meli alilitafuta fuvu hilo kwa miongo mingi, na akatoa sampuli yake ya vinasaba ipimwe.

Septemba 2023 matokeo ya kwanza yalitangazwa Berlin. Baadhi ya mafuvu yalilingana na vinasaba vya watu walio hai Tanzania. Moja lilikuwa limeandikwa neno "Akida", na uchunguzi ukaonyesha kuwa ni la mshauri wa ngazi ya juu wa Mangi Meli. Fuvu la Meli mwenyewe halikuwa miongoni mwa yaliyotambuliwa.

Wanaosema mambo haya yamepitwa na wakati waitazame Ethiopia. Mwaka 1937 jeshi la Mussolini lilichukua mnara wa mawe wa Axum, likausafirisha na kuusimamisha Roma. Ulisimama huko kwa miaka mingi. Ethiopia haikuacha kuudai. Mwaka 2005 ulirudishwa kwa ndege vipandevipande, na mwaka 2008 ukasimama tena Axum. Mnara ule una uzito wa tani zaidi ya 150. Fuvu la mtu mmoja halihitaji hata sanduku kubwa.

Je, wajua kwamba jiwe la kilele cha Kilimanjaro lilipachikwa ukutani kwenye jumba la Kaiser?

Hans Meyer alipofika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, alichukua jiwe. Nusu yake akampa Kaiser Wilhelm II, ikapachikwa kwenye ukumbi wa mawe na makombe ya baharini katika jumba la Neues Palais, Potsdam. Kilele nacho kikapewa jina la Kaiser. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipandisha bendera ya Tanganyika na mwenge mahali hapohapo, na tangu hapo ni Uhuru.

Je, wajua kwamba Old Moshi ina mengine zaidi ya huzuni?

Panda hadi Kidia. Mmisionari wa Kilutheri Bruno Gutmann alikuja Kilimanjaro mwaka 1902, akaishi miaka mingi Old Moshi, na alipoondoka mwaka 1938 alikuwa ameandika kurasa nyingi kuhusu sheria na desturi za Wachaga kuliko mgeni mwingine yeyote: urithi wa kihamba, mafunzo ya jando, namna isale, jani lile jembamba linaloota mipakani, linavyoombea msamaha. Alikuwa na mapungufu ya zama zake. Hata hivyo, wasomi wa Kichaga wanaotaka kujua mababu zao walisemaje bado wanarudi kwenye vitabu vyake. Kijana aliyefanya kazi naye, Joseph Merinyo wa Old Moshi, alikuja kuwa mtu mkubwa zaidi kwa wakulima wa mlima huu kuliko mwalimu wake.

Kahawa ilipandwa na wamisionari Wakatoliki huko Kilema, mwaka unaotajwa kwa kawaida ukiwa 1898. Wachaga walipoanza kuilima, walowezi walipinga vikali, maana mwenye kahawa yake haendi kuwa kibarua shambani kwa mzungu. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao, KNPA, Merinyo akiwa kiongozi. Serikali ya kikoloni ilikibana chama hicho, na mwaka 1933 mahali pake pakashikwa na KNCU, ambayo ni miongoni mwa vyama vikuu vya ushirika vikongwe zaidi barani Afrika. Jengo lake linasimama katikati ya Moshi hadi leo. Ada za shule za wasomi wengi wa kwanza wa mkoa huu zilitoka kwenye magunia ya kahawa yaliyopimwa na vyama vya msingi chini yake. Chuo cha Ushirika kilichofunguliwa Moshi mwaka 1963 kilipandishwa hadhi kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2014.

Je, wajua jinsi ya kuusoma mji wa bondeni?

Ukishuka tena, anzia stesheni. Reli ndiyo iliyouzaa mji, na mitaa ya kale imepangwa kati yake na Mnara wa Saa. Utaona maduka ya Wahindi yenye ghorofa na baraza juu, hekalu na misikiti, kisha Majengo na Kaloleni, walikokaa wafanyakazi na watu wa kuja: Wapare, watu wa pwani, askari wastaafu. Wachaga wengi walifanya kazi mjini mchana na jioni wakarudi kwenye vihamba vyao. Ndiyo sababu mji huu, ingawa umezungukwa na Wachaga, tangu mwanzo ulikuwa na Kiswahili safi cha mjini. Wazungu walijenga upande wa juu, kwenye miti na upepo.

Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliuteka mji huu mwezi Machi, na reli waliyoijenga kutoka Voi wakaiunganisha na ya Tanga pale Kahe. Mwaka 1929 reli ikaendelea hadi Arusha. Baadaye abiria walikosa treni kwa zaidi ya miaka 20, hadi Desemba 2019 safari za Dar es Salaam hadi Moshi ziliporejea.

Je, wajua kwamba serikali ya Uganda iliundwa Moshi?

Kuanzia tarehe 24 hadi 26 Machi 1979, majeshi ya Tanzania yakiwa yanaikaribia Kampala, Waganda waliokuwa uhamishoni kutoka makundi zaidi ya 20 walikutana Moshi wakaunda muungano wao, UNLF, na kumchagua Yusuf Lule kuwa mwenyekiti. Yoweri Museveni alikuwa miongoni mwa waliohudhuria. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili, Lule akaapishwa siku mbili baadaye, na baada ya siku 68 akaondolewa. Miaka 16 kabla ya mkutano huo, Februari 1963, mji huohuo ulikuwa mwenyeji wa mkutano wa tatu wa mshikamano wa watu wa Afrika na Asia, ambako Wachina na Warusi walionyesha hadharani ugomvi wao.

Na soko lenyewe la Kiboriloni?

Wasafiri wa karne ya 19 waliandika kwamba masoko ya mlima huu yalikuwa mikononi mwa wanawake, na hivyo ndivyo yalivyo hadi leo kwa upande wa vyakula. Mitumba ni ya juzi tu. Iliingia kwa wingi baada ya biashara kulegezwa katika miaka ya 1980, na Kiboriloni, iliyo kwenye barabara ya kwenda mpaka wa Kenya, ikaneemeka.

Basi ukija Moshi, nunua koti lako Kiboriloni, kisha usirudi mjini. Panda daladala ya Old Moshi, mtafute kijana wa hapo akuongoze hadi Tsudunyi na Kidia, na umlipe vizuri. Na kwa wenye mamlaka mkoani: wekeni kibao kikubwa pale njia panda ya Kiboriloni, chenye majina yote 19 ya walionyongwa, ili anayeshuka na ndizi na anayepanda na mfuko wa mitumba wayasome kila siku.