PIKIPIKI YA KWENYE SIMU: ULIZA BREKI KABLA YA BEI

Ndugu mfanyakazi, mama wa nyumba, na wewe kijana unayeweka franga pembeni ili ununue pikipiki,

Siku hizi soko limeingia mfukoni. Mtu anakaa nyumbani kwake Himbi, Ndosho au Majengo, anafungua simu, na pikipiki zinapita mbele ya macho yake moja baada ya nyingine: nyekundu, nyeusi, zinang'aa, na bei imeandikwa pembeni. Anaandikiana na muuzaji kwa WhatsApp au Facebook, anatuma pesa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, kisha anangoja chombo kiletwe. Jambo hilo si baya lenyewe. Wako waliopata vyombo vizuri kwa njia hiyo. Lakini wazee walisema: Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na kwenye simu kibaya kinatembea upesi sana.

Utauliza: kwa nini ukurasa wa usalama na afya unasema juu ya biashara? Kwa sababu redio mbovu inakunyima habari tu, lakini pikipiki mbovu inakuvunja mguu. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2021 watu karibu milioni 1.19 walikufa barabarani duniani kote. Katika kila watu 100 hao, kama 21 walikuwa juu ya vyombo vya moto vya magurudumu mawili au matatu. Sisi wa Goma tunapita juu ya mawe makali ya volkano, na anayepanda kwenda Masisi anajua miteremko yake. Barabara kama hiyo haimsamehe mwenye breki mbovu.

MFANO WA BWANA HARAKA

Tuseme kuna mfanyakazi mmoja, tumwite Bwana Haraka. Zamu yake ya kupokea likelemba imefika. Usiku anaona pikipiki kwenye simu, nayo inauzwa chini ya bei ya soko. Anauliza maswali mawili tu: bei gani, na rangi gani zipo. Muuzaji anajibu saa ile ile, kwa maneno matamu: "Ndiyo bosi wangu, imebaki moja tu." Bwana Haraka anatuma pesa yote.

Chombo kinafika. Asubuhi anaona kwamba breki ya nyuma inashuka mpaka mwisho bila kushika, usukani unavuta upande mmoja, na petroli inadondoka chini. Anapiga simu. Siku ya kwanza muuzaji anasema: "Fundi atakuja kesho." Kesho inakuwa wiki. Halafu anasema: "Wewe mwenyewe ulikubali." Halafu ujumbe unasomwa bila jibu. Mwisho, namba haipatikani.

Hapa ndipo hatari kubwa inapoanza. Kutuma pesa yote kulikuwa hasara, lakini ilikuwa hasara ya mfuko. Sasa Bwana Haraka anadaiwa mchango wa likelemba kila mwezi, na pikipiki imesimama uani. Anajiambia: "Nitaipanda hivi hivi, polepole, mpaka huyu mtu ajibu." Ndugu, hakuna polepole mbele ya lori linaloshuka. Ugomvi wa pesa ni jambo moja, kupanda chombo kibovu ni jambo jingine. Yatenganishe mambo hayo mawili. Pesa iliyopotea hutafutwa tena, mguu uliokatwa hauoti.

Mgodini unajua kanuni. Mashine ikiwa na kasoro, inazimwa, inafungwa kufuli, inatundikwa kibao, na hakuna anayeigusa mpaka fundi aseme imepona. Hata kama kazi imechelewa, hata kama mkubwa ana haraka. Kwa nini kanuni hiyo uiache getini unaporudi nyumbani? Pikipiki yako mbovu nayo ifunge, uiandikie HAIPANDWI, na ufunguo uuweke kwa mama wa nyumba.

KABLA YA KUTUMA PESA

Goma inajua kununua chombo. Mtazame anayenunua chukudu, kile chombo chetu cha mbao ambacho mji umekijengea sanamu yake. Anakwenda kwa fundi, anagonga mbao kusikia kama ni kavu, anazungusha magurudumu, anakisukuma. Kikivunjika, anajua mlango wa kubisha. Basi ikiwa chukudu inakaguliwa hivyo, pikipiki yenye injini ikaguliwe zaidi. Fanya hivi:

1. Tafuta mlango, usitosheke na namba ya simu. Muuzaji ana duka wapi? Jirani zake wanamjua? Mtume ndugu au rafiki aende akaone. Asiyetaka kuonekana kabla ya kulipwa hataonekana baada ya kulipwa.

2. Omba video iliyochukuliwa siku hiyo hiyo, injini ikiwashwa ikiwa baridi, na namba za chasi na za injini zikionekana. Namba ya chasi hupigwa kwenye shingo ya fremu, karibu na usukani. Zilinganishe na karatasi za duwani. Namba zikiwa zimepigwa tupa au hazifanani na karatasi, acha. Huenda chombo ni cha wizi.

3. Usilipe yote. Toa kidogo cha kushika chombo, na mengine ulipe baada ya kukagua kwa macho na mikono. Pesa ya simu ikishatolewa na aliyeipokea, ni vigumu sana kuirudisha.

4. Dhamana iandikwe. Ni ya miezi mingapi? Inahusu vipande gani? Nani analipa fundi? Neno "garanti ipo" bila maandishi ni upepo.

5. Uliza vipande vya kubadilisha kama vinapatikana Goma. Chombo ambacho viatu vyake vya breki havipatikani kitakulaza nyumbani au kitakupeleka barabarani bila breki.

KABLA YA KUPANDA

Usidanganyike na neno "mpya". Pikipiki nyingi zinatoka India na China, zinasafirishwa zikiwa zimefungwa ndani ya sanduku, bila gurudumu au usukani, kisha zinaunganishwa na fundi huku kwetu. Skrubu iliyoachwa bila kukazwa haijui kama chombo ni kipya. Mlipe fundi unayemwamini, akague pamoja nawe:

Breki. Injini ikiwa imezimwa, sukuma pikipiki ukikaza breki moja moja. Gurudumu lishike. Mkono wa breki usifike kugusa usukani.

Usukani. Inua gurudumu la mbele, geuza kushoto na kulia. Ugeuke laini. Vuta foku mbele na nyuma. Ikigonga, kuna kitu kimelegea.

Mnyororo. Uchezecheze katikati, kwa pikipiki nyingi za barabara, sentimeta 2 mpaka 3 zinatosha, lakini fuata kitabu cha chombo chako. Mnyororo uliolegea unaweza kuruka na kufunga gurudumu la nyuma ghafla.

Matairi. Tafuta pembeni namba nne ndani ya alama ndogo. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: 1223 ni wiki ya 12 ya mwaka 2023. Tairi lenye nyufa, hata kama meno yake ni marefu, ni tairi la zamani.

Mkono wa mafuta. Fungua, achilia. Urudi peke yake mara moja. Ukikwama, usitoke uani.

MUUZAJI AKINYAMAZA

Hasira haifungui mlango. Fuata mpango.

Kwanza, piga picha na video za kasoro kabla fundi yeyote hajafungua kitu. Usipofanya hivyo, muuzaji atasema: "Wewe ndiye uliyeharibu."

Pili, andika ujumbe mmoja ulio wazi: tarehe ya kununua, kiasi ulicholipa, namba ya chasi, kasoro gani, na unataka nini, yaani kutengenezewa, kubadilishiwa au kurudishiwa pesa. Weka siku ya mwisho ya kujibu. Usitukane, kwa maana ujumbe huo huenda ukasomwa na watu wengine.

Tatu, usifute mazungumzo wala ujumbe wa malipo. Vipige picha, uvitume kwa mtu wa nyumbani, kusudi simu ikipotea ushahidi ubaki. Ukishuku wizi, wapashe habari huduma ya wateja ya mtandao uliotumia siku hiyo hiyo, bila kungoja wiki.

Nne, usimrudishie chombo bila karatasi yenye saini na mashahidi wawili. Wengine wamebaki bila pesa na bila pikipiki.

Sheria nayo ina neno. Sheria ya mikataba ya tarehe 30 Julai 1888, ambayo mpaka leo ni msingi wa mikataba katika Kongo, inasema muuzaji anajibika kwa kasoro iliyojificha inayofanya kitu kisifae kwa kazi yake. Mnunuzi anaweza kurudisha kitu na kupewa pesa yake, au kubaki nacho na kurudishiwa sehemu ya bei. Lakini angalia mambo mawili. Kasoro ambayo wewe mwenyewe ungeweza kuiona, muuzaji hajibiki nayo. Tena, ni lazima ulalamike upesi. Ukikaa kimya miezi mingi ukiendelea kupanda, unajinyima haki. Na tangu tarehe 13 Machi 2023 nchi ina Sheria ya mambo ya kidijitali, inayogusa pia biashara na maandishi ya kielektroniki. Kwa hiyo ujumbe uliotunza si maneno matupu.

NENO KWA MAMA WA NYUMBA

Kwa kuogopa wezi, wengi wanalaza pikipiki ndani ya nyumba. Ile inayodondosha petroli isilale ndani kamwe. Mvuke wa petroli hauonekani, unatambaa chini, na mbabula ya makaa iliyo chumba cha pili inaweza kuuwasha. Iwekwe nje, mbali na moto, na bomba la petroli lifungwe.

Watoto wasicheze karibu na bomba la moshi. Mtoto akiungua, mwagia maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala majivu. Kisha mlete dispensari.

KOFIA NAYO NI CHOMBO

Muuzaji akikupa kofia ya bure pamoja na pikipiki, ikague kama ulivyokagua breki. Kofia nyepesi kama ya mtoto wa shule, isiyo na povu gumu ndani, haikingi kichwa. Iwe inabana vizuri, na mkanda ufungwe chini ya kidevu. Shirika la Afya Duniani linasema kofia nzuri, ikivaliwa sawasawa, inaweza kupunguza hatari ya kuumia ubongo mpaka asilimia 74.

Mtu akianguka na kugonga kichwa, halafu akatapika, akasinzia au akasema maneno yasiyoeleweka, asiachwe alale "apumzike". Apelekwe hospitali mara moja. Wala asibanwe katikati ya watu wawili juu ya pikipiki nyingine; tafuta gari alazwe, shingo yake isigeuzwe.

Wafanyakazi, someni ukurasa huu pamoja na wake na watoto wenu. Mwenye kutaka kununua aukate, auweke pamoja na pesa yake ya likelemba. Siku muuzaji atakaposema "imebaki moja tu", autoe na kuusoma tena toka juu mpaka chini, kabla kidole hakijagusa simu.