Pete ya Shakwe Si Alama ya Ujasusi

Askari mlio zamu Mbarara au katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, huenda siku moja mkaletewa ndege mwenye pete mguuni. Msishtuke. Shakwe wenye mgongo mweusi huihama Ufini kila mwaka, wakakimbilia Maziwa Makuu yetu kukwepa baridi. Uvishaji wa pete zenye nambari ulianzishwa mwaka 1899 na mwalimu Mortensen wa Denmaki, ili ijulikane ndege atokako na aendako.

Mwaka 2013 polisi wa Misri walimweka korongo kizuizini wakimdhania jasusi. Kumbe alibeba chombo cha wataalamu wa ndege.

Basi someni nambari, andikeni tarehe na mahali, mwachilieni ndege, kisha wajulisheni maofisa wa wanyamapori. Pete ikitupwa, safari nzima hupotea.