DAWA IFUNGUAYO KIFUA CHA MWENYE PUMU

Mtu ashikwapo na pumu, taabu yake kubwa huwa ni kuitoa pumzi aliyokwisha kuivuta. Misuli myembamba inayozunguka mirija ya mapafu hujikaza, ngozi ya ndani huvimba, na makohozi mazito huziba nafasi ndogo iliyobaki. Ndiyo sababu kifua hulia kama filimbi.

Dawa ijulikanayo sana kwa kufungua mirija hiyo ni salbutamoli. Ilitengenezwa mwaka 1966 na mabingwa wa kampuni ya Allen & Hanburys huko Ware, Uingereza, wakiongozwa na David Jack, na mwaka 1969 ikaanza kuuzwa kwa jina la Ventolin. Kabla yake wagonjwa walivuta isoprenalini, ambayo ilifungua kifua kweli, lakini papo hapo iliufanya moyo uende mbio, na nguvu yake ilikwisha upesi. Katika miaka ya 1960 vifo vya wenye pumu viliongezeka Uingereza, hasa vya vijana, na madaktari wengi wakaitilia shaka dawa hiyo.

Dawa zote mbili ni jamaa za adrenalini, ambayo mwili hujifanyizia wenyewe. Mabingwa wa Ware waligeuza umbo lake kidogo tu. Upande mmoja waliongeza kaboni mahali ambapo kimeng'enya cha mwili kilikuwa kikiiharibu dawa; hivyo ikadumu kwa saa 4 hata 6. Upande wa pili, kwenye naitrojeni, walitia fungu nene la kaboni 4, na kwa umbo hilo dawa ikashika mapafu kuliko moyo. Yaani kuliko tu, maana avutaye nyingi hutetemeka mikono na kuusikia moyo ukidunda.

Lakini salbutamoli hulegeza misuli, uvimbe ikauacha palepale. Mgonjwa hupata nafuu kwa dakika chache akadhani amepona, kumbe ugonjwa unazidi chini kwa chini. Mwenye kumaliza kopo baada ya kopo yu karibu na hatari, wala asijisifu kuwa ana dawa nyumbani. Uvimbe hutulizwa na dawa nyingine ya kuvuta, ya jamii ya steroidi, ambayo mara nyingi daktari huagiza ivutwe hata siku ambazo kifua ni kizima. Mwaka 2019 mabingwa wa GINA, chama cha mataifa mengi kishughulikiacho pumu, walishauri kwamba watu wazima na vijana wasitibiwe tena kwa salbutamoli peke yake.

Tena wengi huivuta vibaya. Yafaa kopo litikiswe, mgonjwa atoe pumzi, abonyeze huku akivuta polepole, kisha aizuie pumzi kwa kuhesabu mpaka 10. Mtoto mdogo hayawezi hayo, na dawa humwishia kinywani. Kwa ajili yake hutumiwa chombo cha kuipitishia dawa, lakini bei yake huwashinda wazazi wengi. Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town, Heather Zar akiwa mmoja wao, walionyesha kuwa chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitakoni na kopo likakazwa tunduni pasipo mwanya, iliwafaa watoto sawa na chombo cha dukani.