Mawese hayazai rangi ndani ya jiwe

Wiki iliyopita niliwekewa tena mezani kopo la mawese. Ndani yake mlikuwa na jiwe ukubwa wa ngumi, na kijana aliyelibeba kutoka upande wa Muhuta, hapa Burundi, hakungoja hata kuketi. "Mzee, limelowa siku kumi na nne. Niliache mpaka lini ndipo rangi zitoke?"

Swali hilo nimelijibu Gitaza kando ya barabara, nimelijibu sokoni Rumonge, nimelijibu kwa simu usiku watu wakiwa wamelala. Leo nalijibu kwa maandishi, na anayesoma amsomee na jirani yake. Hazitatoka. Hazitatoka kwa siku kumi na nne wala kwa mwezi, mafuta yakiwa baridi au yakichemka, yawe ya kiwandani au ya kinu cha nyumbani.

Jiwe linalotafutwa na kila mtu ni feldispa yenye mng'ao: labradoriti, ambayo ukiigeuza inawaka buluu na kijani kama shingo ya njiwa, au jiwe la mwezi, ambalo mwanga wake mweupe hutembea chini ya uso. Mng'ao huo si rangi iliyofichwa ndani, ya kuvutwa na mafuta kama nyanya inavyotoa rangi kwenye mchuzi. Jiwe lilipokuwa likipoa taratibu chini ya ardhi, madini yake yalijitenga yakawa matabaka yaliyolaliana, kila tabaka jembamba kiasi cha sehemu moja ya elfu ya unene wa unywele. Mwanga unaopiga matabaka hayo hurudi umegawanyika, rangi moja ikipewa nguvu na nyingine ikizimwa. Matabaka yakiwepo, mng'ao upo. Yasipokuwepo, hakuna kitu jikoni kwako kitakachoyajenga, kwa sababu kazi hiyo ilihitaji joto la ardhini na muda ambao sisi binadamu hatuna.

Wanaoamini mawese si wajinga. Wameona kitu kwa macho yao, kisha wakakieleza vibaya. Jiwe ghafi lina uso uliokwaruzika, na mikwaruzo hiyo hutawanya mwanga hadi jiwe linaonekana kama limepakwa majivu. Ukilipaka mafuta, mikwaruzo inajaa, mwanga unapenya, na kama mng'ao ulikuwamo, unauona. Hapo mtu anaruka kwa furaha na kusema mafuta yameleta rangi. Mafuta yamefanya kazi ya dirisha lililofutwa vumbi, basi. Maji ya ziwa yanafanya kazi hiyohiyo bure, kwa nukta mbili, na yakikauka hayaachi harufu.

Kuna ushahidi wa pili ambao huletwa kwangu kama wakili anavyoleta hati: "Lakini Mzee, mafuta yana rangi za upinde wa mvua. Tumeziona bandarini." Mmeziona kweli. Mazuti ya mtumbwi yakimwagika juu ya maji hutanda utando mwembamba, na utando huo hucheza na mwanga kwa kanuni iliyo jirani sana na ya labradoriti. Ila rangi hizo ni za utando. Ziko juu ya maji, wala maji yenyewe hayajabadilika. Vivyo hivyo juu ya jiwe: sugua kwa sabuni, uone kinachobaki.

Na madhara yapo, nayo ndiyo yanayonikasirisha. Feldispa ina pande mbili ambazo hupasukia kwa urahisi, zikikutana karibu kama kona ya nyumba. Ukilitia jiwe katika mafuta yanayochemka, uso unapanuka kabla ya kiini, na nyufa zilizokuwa zimelala zinafunguka. Mafuta mekundu yanaingia humo, yanakaa, yanachacha, na baada ya miezi michache jiwe lina mishipa ya kahawia ambayo sabuni haifikii. Kuna mawe ambayo rangi zake hutoka kwenye hewa iliyonaswa ndani ya nyufa nyembamba. Hayo ukiyaloweka, mafuta yanachukua nafasi ya hewa na rangi zinakufa. Yaani dawa ya kuleta rangi inaua rangi iliyokuwepo! Nimewaona watu wakifanya hivyo kwa subira na matumaini, wakitumia mafuta ambayo watoto wao wangeyala.

Asiyeniamini afanye jaribio. Pasua jiwe moja vipande viwili. Kimoja kiloweke katika mawese, kingine katika maji, kwa muda uleule. Kisha vioshe vyote kwa sabuni, vikauke juani, uvigeuzegeuze polepole. Jiwe la yule kijana tuliliosha mara tatu. Ni feldispa ya waridi ya kawaida, na ufa mmoja ulikuwa umenywa mafuta mpaka katikati.

Sasa mashimo yanakotoka mawe hayo. Mengi ya mawe ninayoletewa yameokotwa kwenye vifusi vya Gakara, katika milima inayopanda kutoka ziwani juu ya Kabezi na Mutambu, jirani na Muhuta. Madini ya huko yaligunduliwa mwaka 1936, enzi za Wabelgiji, yakachimbwa kuanzia 1948 hadi 1978. Uchimbaji ulirudi 2017, na serikali ikausimamisha 2021. Kilichofuatwa miaka yote hiyo ni bastinasiti na monaziti, mawe ya madini adimu yanayotumika viwandani. Hakuna aliyechimba Gakara kutafuta feldispa ya kuvaa shingoni. Feldispa iliyopo ni ile ya kawaida, na rangi za upinde ninazoonyeshwa juu ya mawe ya huko mara nyingi ni utando wa kutu ya chuma. Ukwaruze kwa ncha ya kisu, utatoka. Feldispa halisi haikwaruzwi na kisu cha kawaida.

Monaziti ina thoriamu, nayo hutoa mionzi. Kipande cha rangi ya asali au kahawia, chenye uzito karibu mara mbili ya jiwe jingine la ukubwa wake, usikisage, usikipe mtoto achezee, usikihifadhi chini ya kitanda.

Jambo moja la Gakara hunifurahisha kila nikilifikiria. Unga mzuri wa kumalizia kung'arisha feldispa ni oksaidi ya seriamu, na seriamu imejaa katika bastinasiti. Milima ileile wanayoikwangua watu wakitafuta mng'ao ina malighafi ya king'arisho! Lakini ni lazima ipite kiwandani kwanza. Ukitwanga jiwe la Gakara ukasugulia, utapata mikwaruzo, na vumbi litaingia mapafuni.

Labradoriti huzaliwa katika miamba myeusi ya jamii ya gabro. Burundi tunayo, katika mkanda wa Musongati, lakini joto na mvua vimeigeuza sehemu ya juu kuwa udongo mwekundu mnene, na feldispa ni miongoni mwa madini yanayooza mapema. Ndiyo maana jina kubwa la labradoriti katika pande zetu ni Madagaska. Ufini nayo ilipata yake huko Ylämaa mwaka 1940, wakati wa kujenga ngome za vita.

Basi, kwa mwenye jiwe mkononi. Kwanza kibali: madini ni mali ya taifa, uliza ofisi ya migodi, OBM, kabla ya kugusa kifusi, na usiingie handaki la zamani hata kama mlango wake unaonekana imara. Lowesha jiwe kwa maji, ligeuze juani, mwanga ukiwaka weka alama kwa penseli. Kata sambamba na uso unaowaka, kwa maji, kwani ukikata kwa mshazari mng'ao unapotea na hakuna wa kuurudisha. Sugua kwa msasa wa maji, namba 120, 220, 400, 600, 1200, usiruke hata mmoja, na osha jiwe na mikono kila unapobadilisha. Usisugue kavu kamwe, vumbi la mawe huharibu mapafu moja kwa moja. Malizia kwa ngozi laini, oksaidi ya seriamu na maji kidogo, polepole, jiwe lisipate moto. Lioshe kwa sabuni. Mwonyeshe mnunuzi likiwa kavu.