Hatari Isiyoonekana Yahitaji Neno la Kweli

Zipo hatari ambazo jicho haliwezi kuziona. Kidudu cha maradhi hakionekani. Mionzi ya nyuklia nayo haionekani, hainuki, wala haina ladha. Kwa hiyo, kinga ya kwanza ya mwenye nyumba ni habari za kweli, zitolewazo mapema kwa lugha aielewayo.

Wenyeji wa Kasese na Bwera wanalijua jambo hili. Tarehe 11 Juni 2019, Wizara ya Afya ya Uganda ilitangaza kwamba mtoto wa miaka 5, aliyevuka mpaka na jamaa zake kutoka Kongo, alikuwa na Ebola. Alipokewa hospitali ya Kagando, kisha akahamishiwa Bwera. Yeye, mdogo wake na bibi yao walifariki dunia. Lakini habari haikufichwa. Watu waliambiwa waache kushikana mikono, wanawe kwa sabuni, na wampeleke mgonjwa hospitalini bila kuchelewa. Mwaka ule hakuna mtu aliyethibitishwa kuambukizwa Ebola ndani ya Uganda.

Kwingineko mambo yalikwenda kinyume. Tarehe 26 Aprili 1986 kinu cha nyuklia kililipuka Chernobyl, nchini Ukraine. Wakazi wa mji jirani wa Pripyat hawakuhamishwa hadi kesho yake alasiri, na serikali ya Kisovieti ilinyamaza hadi jioni ya tarehe 28. Iodini yenye mionzi ikaangukia majani, ng'ombe wakayala, watoto wakanywa maziwa. Baadaye maelfu yao walipata saratani ya tezi ya shingo. Mama aliyeyachemsha maziwa yale hakuokoa kitu, kwa kuwa moto huua vijidudu, hauondoi mionzi. Alihitaji kuambiwa mapema, "Msiwape watoto maziwa haya."

Kasese hakuna kinu cha namna hiyo, bali mionzi ya eksirei imo hospitalini. Uganda inalo Baraza la Nishati ya Atomiki, chini ya sheria ya mwaka 2008, lenye kazi ya kusimamia mitambo ya mionzi. Nawe unayo kazi yako. Mama mjamzito amwambie mpiga picha hali yake kabla ya kupigwa. Asiogope kwamba mionzi itabaki mwilini, maana mtambo ukizimwa nayo hukoma. Watoto nao wafundishwe kutogusa chuma chenye alama ya mapanga matatu meusi juu ya rangi ya manjano, bali wawaite wakubwa.

Wahenga walisema: mficha maradhi, kilio humfichua. Kiongozi aseme mapema, nasi tusikilize na tutende.